Maneno Niliyomsemea Akello

Huu ni mwezi wa pili tangu nirudishe kitambulisho cha ofisi, na bado naamka asubuhi nikidhani nimechelewa kufika mahali ambapo hakuna anayenisubiri. Ninyi wakalimani wenzangu mnaobaki mliniambia, "Mzee Barasa, tuachie kitu cha kusoma." Nimeanza mara tatu. Mara ya kwanza niliorodhesha semina nilizohudhuria, nikaichana karatasi, maana hata mimi mwenyewe nilisinzia. Vyeo nitaviruka. Nitawaandikia siku zangu za mwanzo, mtu aliyenifundisha kazi, na msanii mmoja niliyemkosea kwa muda mrefu bila kujua. Mpangilio ukinipotea mnivumilie. Mambo mengine nayaandika nikiwa sijayaelewa mpaka leo.

Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Kenya. Dada yangu mkubwa, Nekesa, alizaliwa kiziwi, kwa hiyo nilijua kuongea kwa mikono kabla sijajua kusoma. Kampala nilikuja kuwa karani wa stoo katika kampuni ya Mkenya mwenzangu, kule kwenye viwanda karibu na Bugolobi. Siku moja kanisani kwetu walitafuta mtu wa kutafsiri mkutano wa wazazi wenye watoto viziwi. Nikasimama mwenyewe, bila kusukumwa. Nilidhani mikono ni mikono, iwe ya Busia au ya Kampala.

Mkutano ulipoanza niliwakaribisha wazazi kwa ishara zangu za nyumbani. Viziwi wawili wa mstari wa mbele wakatazamana. Wa tatu akafunika uso na leso. Wa nne akatoka nje, na kupitia mlangoni nikamwona ameinama, mabega yanatikisika. Ishara niliyoitumia kwa neno "wazazi" haina ubaya wowote kwetu, lakini huku ilikuwa na maana nyingine. Maana gani, sijui. Nimewauliza viziwi wengi tangu siku hiyo, na kila mmoja hucheka kisha akaniuliza habari za nyumbani.

Aliyetoka nje kucheka alikuwa Mzee Kizza, fundi cherehani wa Nateete. Ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Duka lake lilitazama steji ya teksi, na kati ya honi zote zile, makondakta na spika za wauza dawa za panya, yeye ndiye mtu pekee wa mtaa ule ambaye sikumwona akilalamikia kelele. Kila Jumamosi alinikalisha kwenye kigoda, nikawa natafsiri baina yake na wateja wake. Nikikosea, alinichapa gotini kwa futi ya kupimia.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ni mwanga. "Anayeongea kwa mikono asiwe na dirisha mgongoni," aliniambia. "Mwanga ukitoka nyuma yake utaona kivuli tu. Utasikiaje kivuli?" Alisema "kusikia" makusudi, akanitazama aone kama nimeng'amua utani. Ya pili ni kusimamisha. Usipoelewa, inua mkono, mwambie arudie. Hata mbele ya askofu. Nilimjibu kwamba hiyo ni rahisi. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye cherehani yake.

Nilikuwa nimeshaacha stoo na kuajiriwa kama mkalimani pale Afande Ojok alipokuja ofisini kwetu. Alikuwa polisi mstaafu, mtu wa kaskazini, mrefu kama mlingoti wa bendera. Alisimama mlangoni huku ameshika kofia.

"Wewe ndio ile mtu ya mikono?" aliniuliza.

"Ndiyo, afande."

"Mimi iko na msichana. Akello. Hasikii kitu, tangu kuzaliwa. Lakini iko na akili mingi, mingi sana. Sasa wazungu na wakubwa fulani wameona michoro yake, wanataka ongea na yeye. Mimi mwenyewe nikiongea na yeye, anaangalia mimi tu kama ukuta." Akaigeuza kofia mkononi. "Ama ni mimi ndio ukuta. Sijui."

Akello alikuwa na miaka ishirini na kitu, akiishi Bwaise katika chumba chenye mstari wa matope ukutani, kumbukumbu ya mafuriko ya mwisho. Riziki yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka. Alinipokea bila kusimama, brashi mkononi, kwa kuwa herufi ilikuwa haijakauka. Mbele yake palikuwa na bango la kinyozi lililoandikwa SARUNI YA WANAUME kwa herufi nzuri ajabu, zenye kivuli cha bluu.

Nilimwambia ni saluni, si saruni. Akanionyesha karatasi ya mteja. Kweli, mteja mwenyewe ndivyo alivyoandika, kama anavyotamka.

"Mimi sijui mnavyotamka," alisema Akello kwa mikono. "Wewe unasikia R, yeye anasikia L. Mkipatana, mje mniambie."

Bango lile lilisimama Barabara ya Bombo miaka mingi, na saruni haikukosa wateja.

Picha zake zenyewe alizifunga kwa turubai, juu ya kabati, mbali na maji. Zilikuwa za watu wa kambi ya polisi alikokulia: wanawake mferejini, askari wanapiga pasi, watoto wakigombania mpira. Mimi sikuwa mtu wa sanaa, lakini kutazama ndiyo kazi yangu, na baada ya ziara kadhaa nilianza kuona vitu. Kwanza, hakuna uso uliokuwa gizani. Hata mtu akiwa ndani ya nyumba, Akello alimgeuza mpaka mwanga umpate usoni na mikononi. Pili, kila picha ilikuwa na kitu kinachong'aa: kioo cha pikipiki, kijiko, kifuniko cha sufuria, dimbwi. Na ndani ya king'aacho kulikuwa na picha nyingine ndogo ya kile kinachotokea nyuma.

Nilimuuliza kwa nini. Alinishangaa.

"Wewe mtu akija nyuma yako unamsikia. Mimi nafanyaje? Tangu nikiwa mdogo natembea nikitafuta vitu vinavyong'aa. Nikiingia chumbani, kwanza naangalia kioo kiko wapi."

Nikasema ni jambo la kuhuzunisha. Hapo akanishangaa zaidi. "La kuhuzunisha vipi? Ninyi mnaona mbele tu."

Hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu mara nyingi mbele ya Akello. Nilielewa kila ishara, sentensi ikanipita.

Maonyesho yake ya kwanza yalifanyika Bugolobi, kwenye ukumbi wa ghorofa ya chini uliokuwa na madirisha makubwa kutoka sakafuni mpaka juu. Ilikuwa saa tisa alasiri. Watu walijaa, wengi wao wamevaa vizuri kuliko mimi. Picha iliyowavuta ilikuwa ile ya katikati, iliyoitwa "Jumapili". Meza ya chakula kambini. Watu sita wazima wamegeukiana, midomo wazi, wengine wanacheka, mmoja ameinua kidole kama anayekata kesi. Kwenye kona ya meza, msichana mdogo ambaye hakuna anayemtazama, macho ameyainamisha kwenye sahani yake. Rangi zilikuwa za joto, za dhahabu, na mtoto yule alionekana peke yake kabisa.

Mama mmoja mwenye miwani aliuliza kwa upole, "Tafadhali, tungependa kujua huyu mtoto anajisikiaje."

Nilimtafsiria Akello. Uso wake ukachangamka. Akarudi hatua mbili nyuma ili apate nafasi, akasimama mbele ya dirisha lile kubwa, akaanza kueleza kwa kasi, mabega yakicheza. Jua la alasiri lilikuwa nyuma yake. Niliona kivuli chenye mikono. Nilipata "baba", nilipata "wanaongea, wanaongea, wanaongea", kisha kitu kama "mimi kimya", kisha mikono yake ikazama kwenye giza la mwili wake na sikuona tena hadi alipomaliza na kuangusha mikono.

Ukumbi ulinyamaza. Watu kama sitini hivi walinigeukia. Mama mwenye miwani alikuwa ameshika kalamu. Ninyi mnakijua kimya kile. Ningeinua mkono nikamwambia Akello asogee, arudie, jambo la nusu dakika. Sikuinua. Nilivuta pumzi, nikasema kwa sauti nzuri ambayo sikujua ninayo:

"Anasema, huyu ni mimi. Wanaongea na kucheka, na mimi nipo kimya. Nimeketi na watu wangu, lakini meza yangu ni ya peke yangu. Kila Jumapili nilikula upweke."

Haya, kusema kweli, ilikuwa sentensi tamu. Mama yule alitoa miwani akafuta macho. Mzungu mmoja alishika kifua. Mtu mmoja nyuma akasema, "Bambi!" kwa ile huruma ya Waganda inayotoka kwenye kina cha tumbo.

Akello aliwatazama wote, mmoja mmoja. Tabasamu lake lilipungua polepole.

"Wanafanya nini?" aliniuliza.

"Wameipenda."

"Mbona wanalia?"

"Wameguswa sana."

Akageuka akaitazama picha yake kwa muda mrefu, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta fanicha imehamishwa.

Baada ya hapo alialikwa kwingi, na mimi nilikwenda naye. Sentensi yangu ilitutangulia. Ilichapishwa kwenye vikaratasi vya maonyesho chini ya jina lake, ikasomwa na mtangazaji. Akello alisoma herufi bila shida, lakini Kiingereza cha vikaratasi vile kilikuwa kigumu kwake, na mimi nikimsimulia nilifupisha: "Wanaisifu." Watu walikuja kumshika mikono yote miwili wakisema pole. Alizoea kuisoma ile "pole" midomoni mwao. Siku moja aliniuliza, "Nimefiwa na nani?" Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Hakucheka.

Kisha akaacha. Alialikwa mahali pakubwa, akakataa. Nilipomuuliza sababu alisema ana mabango ya kumaliza. Nilipokwenda Bwaise nilikuta juu ya kabati hakuna kitu na yeye anaandika DAWA ZA MIFUGO bila kivuli, bila bluu, herufi tu.

Afande Ojok alikuja tena ofisini. Safari hii hakusimama mlangoni. Aliketi.

"Mwalimu, mtoto imekataa kuchora. Nini ulimwambia?"

"Afande, mimi simwambii kitu. Mimi natafsiri tu."

Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama washukiwa enzi zake. "Tafsiri tu," alirudia. Akachukua kofia yake akaondoka. Naapa sikuwa nikidanganya. Nilikuwa nimeisema ile sentensi mara nyingi hata nikaamini nimeiona mikononi mwake.

Ilipita miaka. Nikafundisha baadhi yenu. Niliwafundisha habari ya dirisha, na niliifundisha vizuri.

Siku moja nilipita Nateete kumsalimia Mzee Kizza, ambaye macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Kwenye ukuta wa duka, juu ya cherehani, ilitundikwa "Jumapili". Akello, mteja wake, alikuwa amempa. Nilishtuka kuiona kati ya suruali zinazosubiri zipu. Kabla sijaketi, akaingia mama mmoja kiziwi aliyeleta gauni. Akaiona picha. Akasogea. Kisha akapasuka kwa kicheko, kile kikubwa cha mtu asiyejali kinasikikaje, akajishika tumbo, akamwita mwenzake aliyekuwa nje aje aone. Naye akaja, akatazama, akashika ukuta.

Nilichanganyikiwa. Niliwaona kama watu wanaocheka msibani.

"Wanacheka nini?" nilimuuliza Mzee Kizza.

Alisimamisha cherehani. "Wewe ndiye uliyekuwa ukiieleza picha hii kwa watu?"

"Ndiyo."

"Firigisi iko wapi?"

Nikadhani nimemwelewa vibaya. Nikainua mkono, akarudia. Firigisi. Firigisi ya kuku. Iko wapi?

Nikasogea mpaka pua ikakaribia picha. Wale watu wazima sita, wanaoongea kwa moyo wote, walikuwa na posho, ugali wa huku, kwenye sahani zao. Posho na mchuzi. Hakuna hata mmoja mwenye kipande cha nyama. Katikati ya meza bakuli lilikuwa tupu. Kwenye sahani ya mtoto, ile aliyokuwa akiitazama kwa macho ya kuinama, palikuwa na mapaja mawili, kifua, mabawa, na juu ya yote, firigisi, ambayo katika nyumba ya Afande Ojok hakuna aliyethubutu kuigusa isipokuwa Afande mwenyewe. Na kwenye kifuniko cha sufuria kinachong'aa, kikubwa kama ukucha, niliona mkono mdogo ukirudi kutoka kwenye sahani ya baba. Baba alikuwa ndiye aliyeinua kidole, anakata kesi.

Mtoto hakuwa ameinamisha macho kwa huzuni. Alikuwa anazuia kicheko.

"Wanaosikia wakiongea hutazamana midomo," Mzee Kizza alisema. "Hata nyumba unaweza kuwaibia. Kila kiziwi aliyekua kwenye meza kama hiyo anajua. Mimi nilikula maini ya shangazi mpaka nikaoa."

Niliketi kwenye kile kigoda. Nilikumbuka wale watu wote wa Bugolobi, mama mwenye miwani, mzungu, mimi, tumesimama mbele ya picha tukisikiliza maneno, na kuku mzima amelala pale wazi.

Nilikwenda Bwaise siku iliyofuata. Mvua ilikuwa imenyesha, Akello alikuwa anasukuma maji nje kwa ufagio. Nilimwomba aketi. Nilimweleza kila kitu: jua, kivuli, kimya cha watu, sentensi. Nilimtajia sentensi yote kama nilivyoisema.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Rudia."

Mara ya tatu nilitambua kwamba alikuwa ameelewa tangu ya kwanza. Alitaka tu nione mikono yangu ikiyasema.

Akaweka ufagio. "Nilidhani nimechora vibaya," alisema. "Nilichora kichekesho, watu wakalia. Nikapeleka kwingine, wakalia. Nikafikiri, labda kwa wanaosikia, mikono yangu inatoa kitu kingine. Kama wewe ulivyokuja na ishara zako za Busia. Nani angeniambia? Nilikuuliza wewe." Akaninyooshea kidole kifuani. "Miaka yote hii nimekuwa mtu mwenye huzuni mjini, na mimi mwenyewe sina habari."

Nilisema naomba msamaha. Alisema maji yanaingia, niondoke.

Nilizunguka kwa wote niliowapata waliowahi kutumia sentensi ile, nikawaambia ni yangu, siyo yake. Mmoja alisema ni kweli, lakini picha inaendana nayo zaidi. Nilimjibu atafute firigisi. Alidhani nimechoka.

Kwa muda mrefu Akello hakuniita. Nilisikia kwamba anachora tena, na kwamba ana mkalimani mwingine, msichana niliyemfundisha mwenyewe, mzuri, ambaye humsimamisha hata katikati ya sentensi. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipata ujumbe kwenye simu, mstari mmoja wenye mahali na saa. Sikujua kama naitwa kazini au nimealikwa. Nilikwenda nikiwa sijui niketi wapi.

Ukumbi ulikuwa mwingine, mapazia yamefungwa, taa zinatazama ukuta. Watu walikuwa wanacheka kwenye kona moja, na Akello alikuwa amesimama akiwaangalia nyuso. Nilizunguka mpaka nikafika mbele ya picha ya mwanamume aliyesimama kati ya watu wengi. Mdomo wake umefunguka mpana, watu wanafuta machozi. Mikono yake iko mifukoni. Nilijitambua kabla sijamaliza kutazama.

Viziwi wawili walikuwa kando yangu. Mmoja alitabasamu, mwingine hakutabasamu. Nikashindwa kujua nimfuate yupi.

Akello akaja akasimama pembeni yangu.

"Unaona nini?" aliniuliza.

Nilianza kueleza. Nilisema naona kosa langu, naona jinsi mkalimani anavyoweza kumwibia mtu, naona aibu. Akanishika mikono yote miwili akaishusha.

"Sijakuuliza maana. Unaona nini?"

Nikatazama tena. Polepole, kama mtu anayejifunza kusoma, nikamwambia: mwanamume. Mdomo uko wazi. Mikono mifukoni. Viatu vyeusi. Shati limepigwa pasi. Kifungo cha tatu hakipo.

Aliitikia kwa kichwa.

"Siku ile hakikuwepo," alisema. "Nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa unaongea."